Mwaka mmoja wa kazi Kanada na ukaazi wa kudumu: kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Watu wetu walioko Toronto, Ottawa, Winnipeg au Edmonton, na hata wale ambao bado wako Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura wakijiandaa kuondoka, hupeana kauli moja iliyozoeleka mno: fanya kazi Kanada mwaka mmoja, ukaazi wa kudumu utaupata. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inapotosha zaidi kuliko uongo mtupu ambao mtu angeutambua mapema. Mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi humpa mfanyakazi haki ya kushindanishwa na wenzake; haumpi ukaazi. Isitoshe, si kila mwaka wa kazi huhesabiwa kuwa mwaka mbele ya sheria, na wengi hugundua jambo hilo wakati kibali chao cha kazi kimebakiza wiki chache kwisha. Makala haya yanaeleza njia hiyo ya kupata ukaazi kwa kazi iliyofanywa Kanada, kwa kanuni zilizokuwapo mwaka 2025.

Chanzo cha mkanganyiko kimo katika historia ya njia yenyewe. Kanada ilianza kuwapima wahamiaji kwa mfumo wa alama mwaka 1967, na kwa miongo mingi mwombaji wa kawaida alikuwa mtu aliye nje ya nchi, anayepimwa kwa umri, elimu na lugha kabla hajakanyaga ardhi ya huko. Matokeo yake yalijulikana: wahandisi na walimu waliwasili wakiwa na shahada zao, wakakutana na waajiri wanaodai uzoefu wa Kanada, uzoefu ambao hawakuwa na pa kuupatia. Septemba 2008 serikali ilifungua njia mpya iitwayo Canadian Experience Class, na hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyekwisha kuajiriwa na kulipwa ndani ya nchi amejithibitisha mwenyewe sokoni kuliko cheti chochote kinavyoweza kumthibitisha. Mwanzoni mfanyakazi wa kigeni alitakiwa awe na miezi 24 ya kazi, na aliyehitimu chuo cha Kanada alitakiwa awe na 12. Mwanzoni mwa mwaka 2013 miezi 12 ikawa kigezo cha wote.

Badiliko kubwa lilikuja Januari 1, 2015, mfumo wa Express Entry ulipoanza. Kabla ya hapo, aliyetimiza masharti aliwasilisha ombi lake na kusubiri zamu. Baada ya hapo, aliyetimiza masharti hufungua wasifu wake mtandaoni bila malipo, hupewa alama, kisha huwekwa katika kundi moja na wengine wote waliotimiza masharti, na Idara ya Uhamiaji huchota kutoka juu. Asiyealikwa hawezi kuomba, hata kama masharti yote ameyatimiza. Wasifu hudumu miezi 12, na usipoalikwa ndani ya muda huo inabidi uufungue upya. Kwa hiyo kila mtu anayetegemea njia hii ana maswali matatu yasiyopaswa kuchanganywa: kama kazi yake inahesabiwa, kama alama zake zinatosha, na kama ushahidi wake utasimama mbele ya ofisa anayesoma faili bila kumjua. Mtu anaweza kulijibu vizuri swali moja na kuanguka katika mengine mawili.

Tuanze na kazi yenyewe. Kanuni zinataka angalau mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi yenye malipo, iliyofanywa Kanada ndani ya miaka mitatu kabla ya kuomba. Neno ujuzi hapa halina maana ya kawaida ya mitaani. Tangu Novemba 16, 2022 Kanada hupanga kazi zote katika madaraja sita yaitwayo TEER, kuanzia 0 hadi 5, na ni madaraja ya 0, 1, 2 na 3 peke yake yanayokubalika katika njia hii. Kila kazi ina nambari ya tarakimu tano, na tarakimu ya pili ndiyo inayotaja daraja. Muuguzi aliyesajiliwa ni 31301, yaani daraja la 1. Msimamizi wa mgahawa ni 62020, daraja la 2. Mpishi ni 63200, daraja la 3. Anayeosha vyombo na kukatakata mboga katika jiko lile lile ni 65201, daraja la 5, na mwaka wake wa jasho hauingii katika hesabu hata kidogo.

Mfano unaowagusa wengi katika jamii yetu ni wa wahudumu wa wazee. Chukua wahudumu wawili waliosomea chuo kimoja cha Ontario na kupata cheti kimoja. Wa kwanza ameajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee: huwaogesha, huwalisha, huwageuza kitandani, hupima joto na mapigo ya moyo, huandika taarifa ya zamu na kumkabidhi muuguzi. Wa pili ameajiriwa na wakala anayemtuma majumbani: hupanda basi asubuhi, huingia katika nyumba ya bibi mmoja na kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani, kisha hupanda basi jingine kwenda kwa babu mwingine. Kazi ya wa kwanza ni 33102, daraja la 3. Kazi ya wa pili ni 44101, daraja la 4. Baada ya miezi 12 wa kwanza anaweza kufungua wasifu, na wa pili hana kitu katika njia hii. Naona hapo pana dhuluma, kwa sababu anayefanya kazi peke yake ndani ya nyumba ya mtu, bila mwenzake wa kumsaidia kuinua mgonjwa, hana mzigo mwepesi kuliko wa wodini. Lakini kanuni ndivyo ilivyo, na ni afadhali mtu aijue siku anayochagua mwajiri kuliko siku anayofungua wasifu. Hata huyo wa kwanza aliingia juzijuzi tu: kabla ya Novemba 2022 kazi yake ilikuwa nje ya mstari pia, na ilipandishwa pamoja na kazi nyingine, miongoni mwazo udereva wa malori, udereva wa mabasi na usaidizi wa walimu darasani. Wahudumu wa majumbani walitengewa mpango wa majaribio wa kwao peke yao, uliofunguliwa Machi 31, 2025, ambao nafasi zake zilikuwa chache kuliko waliozihitaji.

Kinachopima daraja ni majukumu, wala si cheo kilichoandikwa katika beji. Mwajiri anaweza kumwita mtu msimamizi kwa kumpa heshima, huku kazi yake ya kila siku ikiwa kupokea fedha kwenye kaunta. Ofisa atasoma maelezo ya kazi, atayalinganisha na maelezo rasmi ya nambari iliyodaiwa, na akiona kwamba sehemu kubwa ya majukumu makuu haipo, atakataa. Kinyume chake pia kipo: mtu mwenye cheo cha kawaida anaweza kuwa anafanya kazi ya daraja la 2 bila mwenyewe kujua, kwa kuwa hupanga zamu, hufundisha wapya na huagiza bidhaa.

Mwaka wa kazi, kwa lugha ya kanuni, ni saa 1,560. Hizo ni saa 30 kwa wiki kwa miezi 12, na anayefanya kazi ya muda anaweza kuzifikia kwa saa 15 kwa wiki kwa miezi 24. Si lazima saa hizo zitoke kwa mwajiri mmoja, wala si lazima ziwe mfululizo, ilimradi ziwe ndani ya ile miaka mitatu. Jambo linalowaumiza wengi ni kwamba saa zinazozidi 30 katika wiki hazihesabiwi. Anayefanya zamu mbili na kufikisha saa 60 kila wiki, akidhani atamaliza mwaka wake kwa miezi sita, anajichosha bure kwa upande wa uhamiaji, ingawa mshahara ataupata. Likizo ya kawaida ya kulipwa haivunji hesabu.

Kisha kuna kazi ambazo ni halali, zina malipo, hata daraja lake ni zuri, lakini kanuni zinaziweka kando. Ya kwanza ni kazi iliyofanywa wakati mtu ni mwanafunzi wa masomo kamili, ikiwamo ile ya mafunzo kazini iliyo sehemu ya kozi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefanya kazi miaka miwili karibu na chuo, kwa ruhusa kamili, huanza kuhesabu kutoka sifuri siku anapomaliza masomo na kupata kibali. Ya pili ni kazi iliyofanywa bila hadhi ya mkaazi wa muda. Wapo ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na kwingineko walioomba hifadhi, wakapewa kibali cha kazi wakati shauri lao linasubiri, wakafanya kazi nzuri na kulipa kodi. Kibali hicho huwaruhusu kufanya kazi, lakini hakiwapi hadhi ya mkaazi wa muda ambayo njia hii inaidai. Njia yao ni ya ulinzi, nayo ina milango yake.

Ya tatu ndiyo yenye mtego mkubwa: kujiajiri. Kazi ya mtu aliyejiajiri haihesabiwi, na katika sekta ya usafirishaji hili limeharibu mipango ya watu wengi. Baadhi ya kampuni humwambia dereva asajili kampuni yake mwenyewe, kisha humlipa kama kampuni inayolipa kampuni nyingine. Fedha anayopokea huonekana nyingi kwa sababu kodi na michango haikukatwa, na dereva hufurahi. Lori si lake, njia hapangi yeye, saa hapangi yeye, lakini katika karatasi yeye ni mfanyabiashara. Mwisho wa mwaka hapati fomu ya T4, ambayo mwajiri humpa kila mwajiriwa kuonyesha mshahara na makato, na bila fomu hiyo ni vigumu sana kumshawishi ofisa kwamba alikuwa mwajiriwa. Wafanya usafi na watengeneza programu za kompyuta wanaolipwa kwa ankara wamo katika hali hiyo hiyo. Waliofunguliwa mlango ni madaktari: tangu Aprili 2023 daktari wa kigeni anayelipwa kwa huduma anazotoa hakatwi kwa sababu ya kujiajiri, kwa kuwa ndivyo madaktari wengi wa Kanada wanavyolipwa. Mwingine yeyote anayeambiwa asajili kampuni na huku anategemea njia hii, akatae, au atafute kazi nyingine mapema.

Zaidi ya kazi, sharti la chini lililobaki ni lugha. Kazi za daraja la 0 na 1 zinahitaji kiwango cha 7 cha vipimo vya lugha vya Kanada, viitwavyo CLB, katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Za daraja la 2 na 3 zinahitaji kiwango cha 5. Mtihani lazima ufanywe hata na mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea hadi chuo kikuu, na matokeo yake hudumu miaka miwili. Elimu si sharti la kuingia, na wala hutakiwi kuonyesha akiba ya fedha benki kama wanavyotakiwa wale wanaoomba kwa njia ya wafanyakazi wenye ujuzi walio nje. Unatakiwa pia uwe na nia ya kuishi nje ya jimbo la Quebec, kwa kuwa Quebec huchagua wahamiaji wake wa kazi yenyewe kwa makubaliano ya mwaka 1991 na serikali kuu.

Mpaka hapo mtu amestahili kuingia kundini. Sasa aingie katika hesabu, na hapa ndipo ile kauli ya mwaka mmoja inapovunjika. Alama za juu kabisa ni 1,200, na 600 kati ya hizo ni za nyongeza, ambazo karibu zote hutokana na uteuzi wa jimbo, yaani jimbo la Kanada kumteua mwombaji fulani. Wengi wetu tunapigania zile 600 nyingine.

Tuseme yupo kijana wa miaka 28, hana mwenza, ana shahada moja ya Nairobi iliyotathminiwa, alifanya kazi ya ujuzi miaka mitatu Kenya au Dubai kabla ya kuondoka, na sasa amemaliza mwaka mmoja wa kazi Kanada. Umri unampa 110, shahada 120, na mwaka wa kazi wa Kanada 40. Akiwa na kiwango cha 7 cha lugha katika stadi zote nne anapata 68. Kisha kuna alama za mchanganyiko, zinazotokana na jinsi elimu, lugha na uzoefu vinavyosaidiana: anapata 26 upande wa elimu na 50 upande wa uzoefu wa nje. Jumla ni 414. Mwaka 2025 awamu za kuwaalika watu wa njia hii zilikuwa na alama za chini zilizozidi 500 kila mara. Ile ya Februari 5, kwa mfano, ilialika watu 4,000 na kukomea alama 521. Kijana wetu ametimiza kila sharti la sheria, na yuko mbali na mwaliko kwa zaidi ya alama 100.

Mtazame tena baada ya kuurudia mtihani wa lugha. Akifikia kiwango cha 9 katika stadi zote nne, lugha yenyewe inampa 124 badala ya 68, na mchanganyiko wa elimu unapanda kutoka 26 hadi 38. Jumla inakuwa 482. Mtihani mmoja umemwongezea alama 68, ilhali kufanya kazi Kanada miaka mitano badala ya mmoja kunamwongezea alama 40 tu katika kipengele hicho, kutoka 40 hadi 80. Hii ndiyo sababu inasikitisha kumwona mtu akilipa maelfu ya dola kwa wakala huku amekataa kurudia mtihani kwa kuwa anaona amepita. Kupita ni jambo la sharti la chini. Alama ni jambo jingine. Katika IELTS, mtihani unaofanywa na wengi, kiwango cha 9 humaanisha 8.0 katika kusikiliza na 7.0 katika stadi tatu zilizobaki, na mara nyingi ni uandishi unaomwangusha mtu anayezungumza Kiingereza bila shida yoyote.

Mwaka wa pili wa kazi nao una uzito wake. Kwa kijana huyo wa kiwango cha 9, mwaka wa pili unampandisha kutoka 40 hadi 53, na mchanganyiko wa elimu unafikia ukomo wake wa 50, hivyo jumla inakuwa 507. Lakini umri unakata upande wa pili. Ukifikisha miaka 30 unapoteza alama 5 za kwanza, kisha 5 au 6 kila mwaka hadi 40, na baada ya hapo hupungua kwa 11 kila mwaka mpaka miaka 44, ambapo zinabaki 6. Mwenye miaka 45 hana alama ya umri kabisa. Mtu wa miaka 38 anayeshauriwa asubiri tu mwaka mwingine inafaa akae na kalamu kwanza.

Zamani mwajiri angeweza kuongeza alama 50 au 200 kwa barua ya ahadi ya kazi. Alama hizo zilifutwa Machi 25, 2025, hatua iliyochukuliwa hasa kwa sababu barua za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa. Anayeuziwa leo barua ya kazi kwa ajili ya alama ananunua karatasi tupu.

Wanaosema mwaka mmoja unatosha hawakuitunga kauli hiyo. Februari 13, 2021, mipaka ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona na serikali ikihitaji kutimiza idadi yake ya wahamiaji, watu 27,332 wa njia hii walialikwa kwa mkupuo mmoja, na alama za chini zilikuwa 75. Kivitendo kila aliyekuwa kundini na kutimiza masharti alialikwa. Ni waalikwa wa siku ile wanaotoa ushahidi wa kweli kabisa kuhusu maisha yao, na ushahidi huo hauwahusu wanaofungua wasifu leo. Baada ya Septemba 2021 awamu za njia hii zilisimama hadi Julai 2022, na zilipoanza tena ushindani ulikuwa mwingine kabisa.

Kwa Waswahili wa Kongo, Burundi na Rwanda kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Tangu mwaka 2023 Idara ya Uhamiaji hufanya pia awamu za makundi maalumu, zikiwamo za wahudumu wa afya, za mafundi na za wanaojua Kifaransa. Machi 21, 2025 watu 7,500 wanaojua Kifaransa walialikwa, na alama za chini zilikuwa 379. Linganisha na zile 521 za mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo. Aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura akafika Ottawa na kujitupa katika Kiingereza peke yake, akikiacha Kifaransa kama mzigo wa nyumbani, amekalia hazina. Afanye mtihani wa Kifaransa wa TEF Canada au TCF Canada. Akifikia kiwango cha 7 katika stadi zote nne ataingia katika kundi hilo, na kama Kiingereza chake nacho ni kizuri ataongezewa alama 50 juu ya zile ndogo za lugha ya pili.

Alama zikitosha na mwaliko ukifika, mwombaji ana siku 60 za kuwasilisha ombi kamili. Hapo ndipo swali la tatu, la ushahidi, linapotaka majibu. Hati muhimu kuliko zote ni barua ya mwajiri, iliyoandikwa katika karatasi yenye nembo ya kampuni na kutiwa saini, ikitaja cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, na majukumu. Ofisi nyingi za rasilimali watu huwa na barua ya mistari mitatu inayothibitisha jina, cheo na tarehe, na hukataa kuandika zaidi. Barua hiyo haitoshi. Omba barua kamili wakati ungali kazini na mna maelewano mazuri na msimamizi wako, na kila unapobadili kazi, usiondoke bila yake. Mwajiri akikataa kabisa, kusanya mkataba, hati za mshahara za kila mwezi, fomu za T4 na barua ya msimamizi wa karibu, kisha eleza kwa maandishi kwa nini barua ya kawaida haikupatikana. Kosa jingine ni kunakili maelezo rasmi ya kazi kutoka tovuti ya serikali neno kwa neno na kumpa mwajiri atie saini: ofisa anayajua maneno hayo kwa moyo, na barua inayofanana nayo mno humtia shaka.

Cheti cha tabia njema hutakiwa kutoka kila nchi uliyoishi miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita. Kwa Mkenya ombi huanzia eCitizen na alama za vidole huenda idara ya upelelezi. Kwa aliyefanya kazi Muscat au Abu Dhabi miaka ya karibuni, cheti cha huko nacho kitahitajika, na kukipata ukiwa Calgary si kazi ya wiki moja. Siku 60 ni chache, hivyo vyeti hivi huandaliwa kabla ya mwaliko. Uchunguzi wa afya, tangu Agosti 21, 2025, hufanywa kabla ya kuwasilisha ombi. Ada, tangu Aprili 30, 2024, zilikuwa dola 950 za Kanada za kushughulikia ombi na 575 za haki ya ukaazi.

Wakati haya yote yakiendelea, kibali cha kazi kinahesabu siku zake. Aliyehitimu chuo hupewa kibali cha baada ya masomo mara moja tu katika maisha. Kozi iliyo chini ya miaka miwili huzaa kibali cha urefu unaolingana nayo, isipokuwa shahada ya uzamili, ambayo tangu Februari 2024 inaweza kumpa mhitimu miaka mitatu. Aliyesoma diploma ya mwaka mmoja anahitaji saa 1,560 ndani ya kibali cha mwaka mmoja, maana yake awe ameanza kazi ya daraja linalokubalika karibu siku ile ile kibali kilipotoka. Miezi mitatu ya kutafuta kazi, au miezi sita ya ghala la kupanga mizigo, inatosha kuuvunja mpango wote. Kuwa kundini hakumwongezei mtu siku hata moja ya kukaa. Kibali cha mpito hutolewa kwa aliyekwisha kualikwa na kuwasilisha ombi la ukaazi lililopokelewa kuwa limekamilika.

Nimeliacha suala la familia mwishoni, na ndilo linaloumiza kuliko yote. Mawakala wengine huwashauri watu wajiandike kuwa hawana mwenza, kwa kuwa asiye na mwenza hupewa 110 za umri na 120 za shahada wakati mwenye mwenza anayefuatana naye hupewa 100 na 112. Wengine huacha kumtaja mtoto anayelelewa na bibi yake Kigoma au Kisumu, aliyezaliwa kabla ya ndoa ya sasa, kwa aibu au kwa kudhani kwamba asiyesafiri hahusiki. Kifungu cha 117(9)(d) cha kanuni za uhamiaji kinasema kwamba mwanafamilia ambaye hakutajwa na kuchunguzwa wakati wa ombi la ukaazi hawezi kudhaminiwa baadaye katika kundi la familia. Ndoa ya kimila isiyosajiliwa nayo inaweza kuwa ndoa au uhusiano unaotambulika, na mtoto ni mtoto. Juu ya hayo, taarifa ya uongo inaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka mitano. Mwenza na watoto walio chini ya miaka 22 wasio na ndoa wote hutajwa, hata wale wasiofuatana na mwombaji, na wote hufanyiwa uchunguzi wa afya. Sheria inaruhusu mwenza atajwe kama asiyefuatana, alama zihesabiwe kama za mtu mmoja, kisha adhaminiwe baadaye. Lakini hilo linafaa pale ambapo ndivyo mambo yalivyo kweli, kwa mfano mwenza yuko Arusha na ana kazi yake huko.

Anayehitaji msaada wa kulipia ana haki ya kumtaka mshauri aonyeshe leseni. Wanaoruhusiwa kutoza fedha kwa kazi hii ni mawakili walioandikishwa Kanada, manotari wa Quebec, yaani wathibitishaji wa hati za kisheria, wasaidizi wa kisheria wenye leseni ya Ontario, na washauri walioandikishwa na chombo cha washauri wa uhamiaji na uraia kilichoanza Novemba 2021, ambacho orodha yake iko wazi mtandaoni kwa jina na nambari. Mtu wa kanisani au msikitini anayejua mambo na kutoza dola mia tano hayumo.

Ukaazi ukishapatikana, mtu halazimiki tena kubaki katika kazi ile wala jimbo lile. Anachotakiwa ni kuwapo Kanada siku 730 katika kila kipindi cha miaka mitano. Kwa uraia atahitaji siku 1,095 katika miaka mitano kabla ya kuomba, na zile siku alizoishi kwa kibali cha muda, akihangaikia saa zake 1,560, huhesabiwa nusu siku kila moja, mpaka zifikie 365.